Jani la Isale kwa Mama Elirehema

Hivi karibuni niliongoza mdahalo wa haki za watu wenye ulemavu mjini Moshi. Katikati ya hotuba yangu, Mama Elirehema aligeuza kiti chake cha magurudumu akatoka, wala hakurudi. Kwa nini? Nilipekua kila neno nililosema, nikalipata: "viwete". Lilinitoka mara moja tu, mimi na digrii yangu, lakini wiki nzima niliwaza hilo tu.

Jumamosi nikapanda hadi kwake Machame na jani la isale, ambalo kwetu aliyekosa hulipeleka kuomba radhi. Majirani waliliona mkononi mwangu, wakanifuata hadi uani.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Kwa lipi, mwanangu?"

Ikabidi nilitamke tena lile neno, mbele ya wote.

"Hilo sikulisikia," akasema. "Nilibanwa na mkojo. Kiti changu hakikupita mlango wa choo, nikaona heri nirudi nyumbani."

Majirani wakacheka. Nami nikashusha pumzi.

"Ila ukumbi ule," akauliza, "aliuchagua nani?"

Nilikuwa nimeshaanza kuushusha mkono wenye isale. Nikauinua tena.