Hodi Kabla ya Salfa

Nimefundisha uraia Masasi miaka mingi, na mada ya ulinzi wa taifa naweza kuifundisha huku nasinzia. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba tutanunua silaha kutoka nchi rafiki, kwa mkopo wa nchi hiyohiyo, walimu wenzangu walinigeukia mimi. Nikaeleza: rafiki anatukopesha, fedha zinarudi kwenye viwanda vyake, sisi tunapata ndege za kulinda mpaka na deni la kulipwa na wajukuu. Wengine wakasema afadhali, wengine wakasema tumeliwa. Mimi nilikuwa hoi, sikutaka hata kubishana. Nilimwaza mama.

Mama alikuwa kwangu Lisekese mwaka wa pili. Shamba lake liko Newala, chini ya ukingo wa nyanda za juu, upande wa Mto Ruvuma. Watu wa ng'ambo ya mto walipoanza kuchomewa nyumba na wapiganaji, alifunga vitu vyake kwenye kitenge akaja. Mikorosho ikabaki bila kupaliliwa wala kupuliziwa salfa, ile dawa ya unga, na mkorosho usiopata salfa huingiwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, maua yakaungua yote. Kila jioni tukimaliza kusikiliza habari, aliniuliza swali lilelile.

"Hizo ndege zikija, nitarudi kwangu?"

"Mama, mambo ya serikali hayaendi hivyo."

"Yanaendaje?"

Mwalimu mzima, nilizima redio. Iliniuma, na mara nyingine nilimkasirikia bure.

Mwezi wa saba, tuliposikia kule kumetulia, nikampeleka kwake Newala. Alfajiri ya kwanza, nikiwa uani napiga mswaki, ngurumo ikaanza. Nilijua mara moja kuwa jirani amewasha mashine ya salfa mgongoni, maana hupulizwa umande ungali majanini, ili unga ushike. Nikaingia ndani kumtoa mama wasiwasi. Hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye muhogo, amelala kifudifudi, kile kitenge amekikumbatia. Mtu aliyekulia kwenye mikorosho amekimbia mashine ya salfa. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Jirani aliposikia, aliona aibu kuliko sisi. Kungoja jua lipande hakuweza, salfa haikai kwenye jani kavu. Basi akaanza kupita nyumba hadi nyumba kabla ya kuvuta kamba ya mashine, kwa sababu mama hakuwa peke yake aliyekimbilia muhogoni.

"Hodi! Shikamoo mama. Ni mimi, nataka kuwasha."

"Marahaba, mwanangu. Washa tu."

Nilimsikia hivyo siku tano mfululizo. Katika yote niliyofundisha kuhusu ulinzi, sikuwahi kuwaambia wanafunzi jambo kama hilo, wala halimo kwenye kitabu.

Siku ya sita ilikuwa ya kurudi kazini. Jioni ya jana yake nilikuwa nimepanga chumba cha mama, kile kitenge cha vitu vyake, alichokuwa akikilaza mlangoni tayari kwa kukimbia, nikakitoa na kukiweka juu ya sanduku, nikidhani namsaidia. Asubuhi nilipokuja kuaga, kilikuwa kimerudi mlangoni, fundo limekazwa upya.

"Mama, si umeshazoea?"

"Nimezoea," akasema. "Kiache hapo hapo. Ndege zikifika, uniambie, nitakifungua."