Picha ya Bibi Somoe Mikononi mwa Mama Mkwe wa Madam

Nafanya kazi za ndani Al Twar, huku Uarabuni, mtoto wangu nimemwacha Lindi. Juzi nikamkuta Bi Zuwena, mama mkwe wa madam, ajuaye Kiswahili vizuri, ameshika picha ya marehemu bibi yangu mzaa mama, Somoe, na dada yake, ile ninayoitunza sandukuni ili mwanangu aje aijue asili yake. Nikawaka.

“Bi mkubwa, umepekua sanduku langu? Huna haya?”

Akanijibu, “Kaliangalie hilo sanduku.”

Nikaenda kwa kishindo. Picha yangu ilikuwepo! Nikarudi nayo. Akazigeuza zote mbili. Nyuma, mwandiko uleule: Somoe na Zainabu, Lindi.

“Kila dada alichukua yake walipoagana,” akasema. “Zainabu ndiye aliyenizaa. Haya, mtukane tena mama yako mkubwa.”