Treni Iliyoenda Polepole

Mwaka mmoja baada ya vurugu za uchaguzi kunitoa Eldoret, nilirudi kumsalimia jirani yangu wa zamani. Ndiye aliyenipigia simu kunijulisha kwamba nyumba yangu iliteketea na kila kitu ndani. Mezani kwake kulikuwa na treni ndogo ya umeme.

"Mwalimu, niliinunua mtumba," akasema. "Lakini inajikokota. Hebu iangalie."

Nilisafisha reli na magurudumu, haikubadilika. Nikafungua setingi kwenye rimoti. Kasi ilikuwa imepunguzwa, na namba ya kuitambulisha injini ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya binti yangu. Mimi ndiye niliyeipanga hivyo nyumbani kwetu, isianguke binti akiichezea. Kumbe jirani hakununua mtumba; aliingia kwangu kabla ya moto.

"Hii ni yangu," nikamwambia.

Akamwita mkewe alete chai. Nilibeba treni nikaondoka.