Nilivyoliliwa Nikishona Sketi ya Mkwe

Wajukuu, nichekeni tu. Mjukuu wangu Eliza kaolewa na Mzungu wa Uskoti, kwao wanaume huvaa sketi ya marinda. Nikasema nitamshonea kwa mkono. Eliza akanielekeza kwenye simu: "Bibi, usijikunje. Weka mto mgongoni, miguu kwenye kigoda, kaa dirishani penye mwanga."

Raha ile! Nikasinzia na sindano yangu.

Nikazinduliwa na vilio. Jirani yangu Mama Neema kachungulia, kaniona nimeinama kimya, kaita wenzake wa kanisani.

"Bibi katutoka! Na alivyokuwa mcheshi!"

Nyumba yangu haijajaa watu hivyo tangu babu yenu afariki. Basi nikafumba macho, nawasikiliza.

Mama Neema akaivuta sketi anifunike uso.

"We, iache," nikaropoka, "ina sindano!"