Kifungu cha Mafuta

Walisema sitaweza. Pale Hamugembe, nilipozaliwa, jirani mmoja alimwambia mama yangu, "Mwanao kauza soksi Dar miaka saba, leo akawafundishe masista kompyuta?" Watu wakacheka. Hawakujua kwamba soksi hizo ndizo zilizonilipia diploma ya uhasibu, ada yote, bila mjomba wala shangazi.

Kituo cha afya cha masista kule Muleba kiliniajiri, na mfumo wa kudhibiti bajeti niliusimika mwenyewe. Kila matumizi yalikuwa na kifungu chake. Kifungu kikiisha, mfumo unakataa. Tena haulipi kitu kilichonunuliwa kabla oda haijaidhinishwa. Kanuni hiyo ya mwisho niliitunga mimi. Wafadhili waliisifu mbele ya bodi, nami nikasimama ili wanione vizuri.

Kisha kifungu cha mafuta ya ambulansi kikaisha, wiki tano kabla ya kikao cha bodi. Cha semina kilikuwa kimejaa, lakini kuhamisha fedha ni kazi ya bodi peke yake. Sista mkuu akaja mezani kwangu.

"Kuna mama mjamzito wa kupelekwa Bukoba. Fungua hilo dude lako."

"Halifunguki, Sista."

"Nani alilifunga?"

Nilikwenda kituo cha mafuta nikakopa kwa jina langu, na mama yule akajifungua salama. Wagonjwa hawakukoma. Nikakopa kwa kikundi cha akina mama wa sokoni, halafu kwa baba mkubwa. Wote niliwaambia bodi ikikaa watalipwa.

Bodi ikakaa, ikahamisha fedha. Nikaingiza risiti ya kwanza. Mfumo ukasoma tarehe, ukakataa. Ya pili, vilevile. Nenosiri la msimamizi nilikuwa nalo mimi, na dereva wa ambulansi aliniambia, "Mkuu, si namba tu hizo?" Lakini ningebadili tarehe moja, kesho kila mtu angeniletea yake, na kazi yangu yote ingekuwa bure.

Nikaacha kupita sokoni. Nilikwenda kazini kwa njia za migombani, na Jumapili nilisali misa ya kwanza. Hata huko baba mkubwa alinikuta.

"Waitu, ndugu yetu mhasibu, bodi yenu bado imekaa tu? Haijachoka?"

Msimu wa kahawa ulipofika niliuza mavuno yote ya kibanja changu. Hayakutosha, nikauza na pikipiki. Siku hiyo nilizunguka kwa miguu: kituo cha mafuta, sokoni, na jioni kwa baba mkubwa. Alihesabu polepole.

"Hii ni ya bodi?"

"Ni yangu."

"Na mashine yako?"

"Iko sawasawa."

Alitazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi. "Umesoma sana, mwanangu. Inakugharimu."

Nikatoa karatasi ya kupokea malipo na kalamu, nikamwomba asaini chini ya wale wawili niliokwisha kuwalipa. Akasaini.