Mara ya Tatu Kisimani

Si kweli kwamba marehemu Ustadh Bahjat alimrudisha shujaa wake kisimani mara tatu kwa sababu ya mwanamke. Wanaosema hivyo hawakuwahi kukaa naye meza moja, na wengi wao hata tamthilia yenyewe hawakuitazama mpaka mwisho. Lakini uvumi hauna miguu na bado ulizipanda ngazi zote za mtaa wa Muhajirin, ukaingia kila nyumba yenye kahawa ya asubuhi, mwishowe ukafika usipotakiwa: masikioni mwa Umm Ghiyath, aliyekuja kumwona Lamis, mjukuu wa Ustadh na mjane wake Sitt Nazik, kwa ajili ya posa ya mwanawe mhandisi.

Tamthilia aliyoiandika iliitwa Upanga wa Chumvi. Ilioneshwa Ramadhani moja miaka kumi na miwili nyuma, wakati stesheni za televisheni zilipozipenda falme zisizokuwepo kwenye ramani yoyote, na mwaka huu ilikuwa ikirudiwa kila alasiri. Ndipo domo la mtaa lilipoamka. Amiri Wathiq anatoka Mji Mweupe kwenda Ngome ya Pwani kumwokoa baba yake. Ana farasi, ana maji ya siku saba, ana barabara iliyonyooka. Badala ya kwenda, anarudi kisimani. Anakwenda kidogo, anarudi tena. Kisha, baba akiwa tayari amehukumiwa kunyongwa, anarudi mara ya tatu. Na kila akirudi, msichana yuleyule yupo hapo kisimani, na macho yake makubwa na ndoo yake isiyojaa.

"Ustadh alikuwa na lake jambo," Umm Nizar wa nyumba ya chini alimwambia kila aliyepita. "Mwanamume haandiki kisima mara tatu kwa sababu ya kiu."

Kumbe hakuna aliyezichukia safari hizo kuliko Sitt Nazik mwenyewe. Alifundisha jiografia katika sekondari ya wasichana miaka thelathini na mmoja. Mumewe alipoanza kuandika, alimchorea ufalme wote kwenye karatasi ya kaki, kila upana wa kidole mwendo wa siku moja wa ngamia, akaibandika ramani hiyo ukutani juu ya meza yake. Ustadh aliipenda mno na hakuifuata hata siku moja.

"Bahjat, mtu wako ana farasi," alimwambia siku moja, kurasa mkononi. "Kwa nini anatembea?"

"Anafikiri."

"Hawezi kufikiri akiwa amepanda?"

"Shujaa wangu si dereva wa teksi, Nazik."

"Dereva wa teksi hufika."

Ndivyo walivyoishi mwaka mzima wa kuandika. Yeye akipiga mistari kwenye kurasa, mume akicheka na kuomba chai nyingine.

Alasiri ya ugeni, Lamis alileta kahawa bila kumwaga tone, akaketi karibu na bibi yake. Umm Ghiyath aliiweka yake mezani na hakuigusa. Sitt Nazik aliona, akaelewa. Kwao, mgeni mwenye neno zito haonji kahawa mpaka ajibiwe.

"Binti ni mzuri, Mungu amlinde," Umm Ghiyath alisema. "Na kijana wangu hasikii wala haoni mwingine. Lakini mume wangu ananiuliza, huyu babu yake ndiye yule wa msichana wa kisimani? Mimi sipendi kusikia kwa majirani, Sitt Nazik. Nimekuja kusikia kwako. Nikifika nyumbani nimjibu nini?"

Lamis aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimeikamata sinia kana kwamba itapeperuka.

"Mjibu hivi," Sitt Nazik alisema. "Mara ya kwanza, upepo wa jangwani uliiangusha ngome ya kuigizia. Ilikuwa ya mbao nyembamba na plasta, ikalalia hema la wapishi. Kilichobaki kimesimama ni kisima. Wangempeleka wapi yule mtu?"

"Na ya pili?"

"Mume wangu aliandika sehemu ishirini na mbili. Stesheni ikataka thelathini, kwa kuwa Ramadhani ina siku thelathini. Sehemu nane utazijaza na nini kama si kurudi? Akamsahaulisha amiri pete yake ya muhuri. Nilimwambia, amiri anayesahau muhuri wake kisimani afadhali ufalme uende kwa adui, adui ana kumbukumbu." Alikuwa ameshapandisha sauti, akaishusha. "Na usiniulize alivukaje jangwa la chumvi kwa kufumba na kufumbua. Mwezi uliandama siku ya ishirini na tisa. Sehemu mbili za mwisho wakazibana kuwa moja, safari ya siku saba ikatupwa. Siku saba za haki, maji yakipimwa kila kituo. Nilizihesabu mwenyewe."

Umm Ghiyath alijikuta anacheka, kisha akajizuia. Kikombe kilikuwa palepale.

"Hayo naamini. Lakini wanayoisema ni ya tatu. Ngome imeshajengwa upya, muhuri uko kidoleni, baba keshahukumiwa kunyongwa. Naye anakaa kisimani sehemu nzima, Sitt Nazik. Sehemu nzima, anamtekea maji."

Sitt Nazik alilitazama kabati la vyombo. Miaka kumi na miwili alikuwa ameilinda sehemu hiyo kwa kunyamaza tu. Akiendelea kunyamaza, mumewe atabaki na yule msichana kaburini kwake, na Lamis ataipoteza nyumba anayoitaka. Akisema, basi Umm Nizar atajua, na wanafunzi wote aliowapa sifuri kwa kuchora mto unaopanda mlima watajua.

Aliinuka. Kutoka droo ya chini ya kabati la vyombo alitoa daftari, akalifungua mbele ya mgeni. Wino wa kijani, herufi zilizosimama wima.

"Lamis, huu mwandiko wa nani?"

"Wako, Bibi."

"Sehemu ya ishirini na sita. Bahjat alikuwa hospitalini siku nne na jiwe la figo, na daktari hakuwa akinitazama machoni. Wapiga picha wanangoja, stesheni inapiga simu kila saa. Niliiandika mimi, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake."

"Wewe? Mwalimu wa jiografia?"

"Mwalimu wa jiografia, na ramani magotini. Kila nilipompeleka amiri mbele alifika vitani, na vita sijui kuviandika. Kisima nilikijua. Nikamrudisha."

Umm Ghiyath alivaa miwani, akafuata mstari kwa kidole. "'Nimerudi kwa sababu sikukuaga vizuri,'" alisoma. Akainua macho. "Safari hiyo hakusahau kitu."

"Ni ujinga mtupu. Mtu ana baba wa kuokoa."

Mgeni alivua miwani, akachukua kikombe, akainywa kahawa yote ingawa ilikuwa imepoa. Lamis aliachia sinia.

"Nitamjibu mume wangu," Umm Ghiyath alisema. "Ijumaa tutakuja na wanaume. Ila niambie moja tu, mama. Ustadh alipopona akaisoma hii, alisema nini?"

Sitt Nazik alifunga daftari, akalirudisha kwenye droo, akaifunga.

"Hilo alinieleza mimi," alisema. "Sisemi."