Shangazi na Mizani ya Maharage

Shangazi yangu ananunua maharage Bugarama, na duniani humu anaamini vitu viwili tu: Mungu na mizani. Mizani yenyewe ni ile ya kuning'iniza, yenye ndoana chini na uso kama wa saa ya ukutani. Siku ya kuniaga nikaolewe Bisibo, aliifunga kwenye boriti ya stoo yake, akanikalisha kwenye kitanzi cha kamba na kuninyanyua kama gunia mbele ya wageni. Nilikuwa nimetoka kula ndizi, nyama ya mbuzi iliyokolea chumvi, na togwa sijui vikombe vingapi.

"Sitini na mbili!" akatangaza. "Wakwe mmesikia?"

Wakwe walisikia vizuri sana. Kwetu bibi harusi hafanyi kazi siku za mwanzo. Anakaa ndani, analishwa, kisha ndugu zake wanakuja kumtazama. Wakimkuta amenawiri, wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kucheka. Wakimkuta amekonda, wanaweza kuondoka naye.

Basi mama mkwe akanilisha. Jamani, mama yule alinilisha! Maziwa, ndizi, ugali na dagaa, na nikisema nimeshiba ananiuliza kama nataka kumwaibisha.

Siku ya kunitazama, shangazi alifika asubuhi na mapema. Alikuwa amelala Biharamulo mjini makusudi, ili atukute hatujajiandaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Chooni umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Vizuri. Leteni kamba."

Mizani ikafungwa kwenye boriti ya jikoni, nikaning'inia pale kuku wakinishangaa. Sitini.

"Kilo mbili zimekwenda wapi?" Shangazi alimuuliza mume wangu, kana kwamba kaziuza. Kisha akanigeukia. "Fungasha nguo zako. Tunarudi nyumbani."

Mume wangu alikaa chini, kwenye vumbi. Mama mkwe akashika kichwa: "Nimemlisha huyu mpaka ng'ombe wamekauka!" Shangazi akishasema turudi, hata baba yangu hana la kuongeza.

Lakini nami nina damu yake, na hasira zilinipanda.

"Shangazi, mtu akikuletea maharage yaliyolowa, unanunua?"

"Nina wazimu? Ninunue maji?"

"Basi siku ile ulipima maji! Ulipima na mbuzi, na togwa, na chumvi inayozuia maji yasitoke mwilini. Leo umenipima tumbo tupu, nimekauka usiku kucha. Mtu ni yuleyule."

Shangazi akaugonga uso wa mizani kwa kidole. Hapendi kabisa kukamatwa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Tutapima tena mchana," akasema.

Mama mkwe hakungoja kuambiwa mara mbili. Nilikula mpaka nikashindwa kuinama, na shangazi akakaa mbele yangu akinilinda nisifiche mawe kwenye khanga. Katika kulinda huko, naye alimaliza bakuli zima la ndizi. Mchana mshale ukapita sitini na moja, ukaendelea kidogo. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Sasa na wewe shangazi mtu, panda tuone," akasema kwa utamu.

"Mimi sijaolewa hapa," shangazi akajibu haraka, akavuta khanga kufunika tumbo. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Nilipokuwa nafungua kamba, shangazi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Akaanza kusema Kihangaza, lugha ya kwetu, polepole, kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Habari ya mizani nimeisikia. Wewe mwenyewe je? Unataka kubaki?"

Tangu posa iletwe, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata yeye. Nilitazama uani, mume wangu bado ana vumbi la asubuhi kwenye suruali, nikaona kwamba nampenda.

"Nabaki, shangazi."

Alinikazia macho kuona kama nadanganya. Halafu akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake, kwa nguvu mpaka mashavu yakaniuma.

"Haya," akasema. "Nilipaswa kukuuliza zamani."